Mkazi wa Uwanja wa Adabu

Kulikuwa na nchi, na bado ipo, ila ukiulizwa na mtu usiyemjua, sema haipo. Mimi naitwa Tausi, mke wa Sajini Kibwana, na kabla sijafika mbali naomba ieleweke kwamba serikali naipenda. Nimeipenda tangu usichana wangu. Wapo watu wakisikia habari za Siwema husema, "Aa, Tausi anaisema serikali." Jamani, msinichonganishe nayo. Mimi nasimulia yaliyotokea tu, na kama yaliyotokea yanaisema serikali, basi mkayaulize yenyewe.

Nchi hiyo ina majimbo, na kila jimbo lina bendera yake, wimbo wake na kodi yake ya mapato. Yanayotuhusu ni mawili yaliyopakana, Neema na Fanaka. Kambi yetu ya jeshi ilikuwa Neema. Siwema alizaliwa Fanaka. Neema kuna vumbi na Fanaka kuna mawe, lakini majina ni mazuri, na kamati iliyoyachagua ilipewa posho.

Kati ya majimbo hayo pana kipande cha ardhi kisicho cha mtu. Wageni huwa wanashangaa, sisi wenyewe hatushangai, maana kilitokana na adabu. Siku ya kuweka mpaka, kila jimbo lilimtuma mpima ardhi wake na vigingi vyake, wakakutana porini. Wa Neema akasema, "Karibu, mwenzangu, tangulia kupigilia."

"Hata! Tangulia wewe, mimi nitafuata."

"Siwezi kukutangulia, wewe ni mgeni."

"Mgeni ni wewe, bwana. Mimi niko kwetu."

Wakakaribishana hivyo mpaka jua likawachoka. Mwishowe kila mmoja, ili asije akaonekana mlafi, akarudi nyuma kwa heshima, akapigilia vigingi vyake huko nyuma, akaenda zake. Katikati pakabaki nafasi ya kutosha kuchezea mpira na watazamaji wakakaa. Pakaitwa Uwanja wa Adabu. Geti la Neema liko huku, geti la Fanaka liko kule, na ukipatwa na jambo hapo kati, unajijua mwenyewe.

*

Siwema aliletwa kambini na Koplo Chande, mpiga tarumbeta wa kikosi, kijana mrefu mwenye mashavu ya kazi yake. Wakapewa nyumba iliyopakana na yangu. Chande hakuwa na kwao. Alizaliwa kambini kwa baba askari, akakua anahamishwa kambi hadi kambi, na wazazi wake walifariki kabla hajaota ndevu. Alipomchumbia Siwema hakumwahidi dhahabu. Alimwambia, "Mimi sina kwetu. Nataka uniwekee." Siwema mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na alipofika hapo akajifanya moshi umemwingia machoni, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Siku waliyohamia niliwasaidia kushusha vitu. Godoro, masanduku, vyombo, na mchi. Mchi mtupu.

"Mwenzetu," nikamwuliza, "kinu kimeanguka njiani?"

"Hapana, dada Tausi. Kinu kipo kwa mama."

Kwao Fanaka ndivyo wafanyavyo. Binti akiolewa hupewa mchi aondoke nao, kinu kinabaki kwa mama yake. Mama hukileta mwenyewe siku atakayoona mwanawe ametulia, amepata mahali pa kupaita nyumbani. Wapo wanaoletewa mwezi huohuo. Lakini sisi wake wa wanajeshi tunahamishwa kama masufuria ya msibani, na Siwema alijua kwamba anaweza kuzeeka na mchi mkononi. Hilo ndilo lililokuwa likimkaa rohoni. Kila barua ya kutoka kwa mama yake aliifungua upesi, akaisoma, akaikunja. "Bado," ananiambia.

Nikamwazima kinu changu. Loo, kumbe nilikuwa nimemwazima baruti. Siwema alitwanga kisamvu, akakipika kwa nazi na karanga, akamwonjesha mume wangu. Sajini Kibwana, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kusifu chochote isipokuwa bunduki, akaomba aongezewe. Kufumba na kufumbua kikosi kizima kinanunua kisamvu cha Siwema. Wake wa maofisa wakawa wanatuma mabakuli wakijidai ni ya mbwa.

Harufu ikatoka kambini, ikavuka barabara, ikaingia dirishani kwenye ofisi ya kodi.

*

Aliyekuja alikuwa Bwana Kisanga, Afisa Makazi na Mapato wa Jimbo la Neema. Mtu mpole, koti la kijivu, kitabu cha sheria kwapani. Alikataa chai mara mbili, ya tatu akanywa.

"Sheria, mama, ni nyepesi mno," akamwambia Siwema. "Mwanajeshi si mkazi wa mahali alipotumwa, kwa kuwa hakuja kwa hiari yake. Ameletwa na amri. Koplo Chande akae hapa mpaka aote mvi, sisi hatumdai kitu. Makazi yake ni nchi nzima. Sasa wewe, nani alikuamuru uje?"

"Nimemfuata mume wangu."

"Kwa amri?"

"Kwa ndoa."

"Ndoa si amri, ndoa ni mapenzi. Kwa hiyo nakuuliza kiofisi: unampenda mume wako?"

Siwema akanitazama. Mimi nikatazama paa. Swali hilo mwanamke wa heshima haulizwi mbele ya jirani, lakini serikali ina mambo yake.

"Nikusaidie," Bwana Kisanga akasema kwa huruma. "Ukijibu ndiyo, basi umekuja kwa hiari. Wewe ni mkazi wa Neema na kodi unalipa Neema. Ukijibu hapana, ndoa ni ya udanganyifu, na nyumba hii ya jeshi mtaihama kesho."

Siwema alifikiri. "Namvumilia," akasema.

Bwana Kisanga akafungua kitabu. Akatafuta mbele, akatafuta nyuma, akalamba kidole, akatafuta tena katikati. "Kuvumilia hakumo."

"Ndiyo hali halisi lakini."

"Siwezi kuandika hali halisi, mama. Nitaandika mapenzi."

Akaandika mapenzi. Chande alipotoka kazini akaambiwa, akafurahi kuliko siku ya harusi yake. Alizunguka kambi nzima akiwatambia wenzake kwamba wao wanapendwa kwa maneno ya kitandani tu, yeye mapenzi ya mkewe yamepigwa mhuri.

*

Hazijapita siku nyingi akatokea Bwana Matayo, mwenye cheo kilekile upande wa Fanaka. Huyu alikuwa mnene, mcheshi, na njiani alikuwa amepitia kwa Bi Nyamizi, mama yake Siwema, akala wali, kisha akakagua jikoni.

"Nimekiona kinu chako," akamwambia Siwema kwa furaha, utadhani ameona mtoto mchanga. "Nimekipiga lakiri kabisa. Sasa ni kielelezo. Hakitwangiwi, hakisogezwi."

"Mama atatwangia wapi?"

"Ataazima. Sasa sikiliza. Kwa mila zetu, mwanamke wa Fanaka makazi yake ni pale kinu chake kilipo. Mila ikishapita bungeni inakuwa sheria, na hii ilipita, tena kwa vigelegele. Wewe ni mkazi wetu. Hujatuacha hata kidogo."

"Lakini mzee, natwangia huku Neema. Kinu chenyewe si hiki hapa?"

"Cha nani hicho?"

"Cha dada Tausi."

Bwana Matayo akakigonga kinu changu kwa kidole cha pete. "Kinu cha kuazima hakimfanyi mtu mkazi, mwanangu, kama vile kofia ya kuazima haimfanyi mtu kamanda."

Maneno yalipangika vizuri, nami nikaitikia kwa kichwa kabla sijajua naitikia nini.

Basi Siwema akawa mkazi wa Neema kwa mapenzi na mkazi wa Fanaka kwa kinu. Akawa anatwanga asubuhi kwa ajili ya Bwana Kisanga na mchana kwa ajili ya Bwana Matayo, na jioni anatwanga ili apate majani ya kutwanga kesho. Watu husema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Hapa panzi alikuwa mmoja na kunguru wawili. Mwisho wa mwezi maofisa hao waligongana mlangoni kwake, na nilitegemea nione adabu ile ya wapima ardhi, tangulia wewe, hapana tangulia wewe. Wapi! Waliingia pamoja, mabega yakakwama kwenye fremu.

Mimi nilimfariji. Nikamwambia, "Mdogo wangu, duniani kuna watu hawatakiwi hata na kijiji kimoja. Wewe unagombewa na majimbo mawili."

"Dada Tausi," akanijibu, "nitwangie kidogo, mkono unauma."

*

Wakati huo nchi yetu ilikuwa na amani nyingi sana, nyingine haina pa kuwekwa, ikaamuliwa ipelekwe nje. Kikosi chetu ndicho kilichopewa kuibeba, isipokuwa wachache, Sajini Kibwana wangu akiwemo, walioachwa kulinda kambi. Siku ya kuondoka tulijipanga uwanjani, malori yananguruma, Chande kasimama mbele na tarumbeta yake iliyosuguliwa kwa majivu mpaka ikawa inaumiza macho.

Waziri alipanda jukwaani. "Makamanda!" akasema. "Mwanajeshi hana jimbo! Mwanajeshi ni wa nchi nzima! Mkirudi, majimbo yote yatawapokea kwa mikono miwili! Na kama yupo, Mungu apishie mbali, atakayerudi amelala, basi jimbo la makazi ya mkewe litampa kaburi la heshima, na mjane wake litampa kiwanja na kifuta machozi! Hiyo ni sheria, na sheria ni msumeno!"

Tukapiga makofi. Mke mmoja nyuma yangu akaanza kulia, akanyamazishwa, kwa kuwa ratiba ilikuwa haijafika hapo.

Chande akapewa nafasi ya kumuaga mkewe. Mimi nilikuwa kando yao, sikuwa nasikiliza, ila masikio hayana pazia.

"Nikirudi nitakukuta wapi?" Chande akauliza. "Maana hawa wa kodi, leo wewe wa huku, kesho wa kule."

"Utanikuta nyumbani."

"Nyumbani ndiyo wapi sasa, Siwema?"

Siwema akamfunga kifungo cha kola ambacho kilikuwa kimefungwa tayari. "Wewe rudi tu. Nitakuwa nimeshapapata."

Chande akacheka, mashavu yakatoka kama maandazi. Akapanda lori, akapiga tarumbeta mpaka walipopotelea kwenye vumbi, na hata baada ya vumbi tulikuwa bado tunaisikia.

*

Siwema aliyachukua yale maneno kama deni. Alikwenda kwa Bwana Kisanga, akamwuliza, "Mume wangu akirudi, nyumbani kwake ni hapa Neema?"

"Kwa upande wa kodi, ndiyo."

"Na kwa upande mwingine?"

"Upande mwingine hauko ofisi hii."

Alivuka Uwanja wa Adabu akaenda kwa Bwana Matayo, akaambiwa yaleyale, na hapo alipewa soda. Swali likapanda juu, ofisi hadi ofisi, kila lilipopita likapata mhuri na kuzidi unene, mpaka likafika kwa makamishna wenyewe wawili. Wao wakaona kwamba jambo zito hivi haliwezi kujibiwa kienyeji. Likaitiwa kongamano.

Kongamano lilifanyika hotelini, lenye mada isemayo "Mke wa Mwanajeshi: Mkazi Asiyekwisha." Siwema alialikwa. Alialikwa apike. Nikaenda naye kumsaidia kubeba kinu, na tulipomaliza kupakua tukaruhusiwa kusimama karibu na mlango.

Kamishna wa Neema alisema mwanamke huyu ni daraja kati ya majimbo mawili, na tangu lini daraja likawa na makazi upande mmoja? Kamishna wa Fanaka alisema, naomba nimuunge mkono mwenzangu na nimzidi kidogo: mwanamke huyu si daraja tu, ni mto unaopita chini ya daraja, na kila jimbo lina haki ya kuchota. Wakaafikiana kwamba Siwema ni mkazi kamili wa kote kuwili, kwa ushirikiano. Kisha wakala kisamvu wakalamba na vidole. Malipo ya kisamvu hicho yalikatwa kodi palepale mezani, pande zote mbili, kama onyesho kwa wajumbe.

Kabla ya sala ya kufunga, Siwema akanyoosha mkono. Nilimvuta kanga, hakusikia.

"Naomba kuuliza," akasema. "Nyumbani kwangu ni wapi?"

Mwenyekiti akavua miwani.

"Hilo," akasema, "ni swali zuri sana. Ndugu wajumbe, tulipigie makofi."

Wakalipigia makofi, wengine walisimama.

*

Nchi ile tuliyoipelekea amani haikuwa imejiandaa kuipokea. Chande alikuwa barabarani anapiga tarumbeta ya asubuhi. Kapteni aliyekuja kutuambia alisema hakuumia muda mrefu, na mimi namwamini, kwa sababu nikiacha kumwamini sijui nitafanya nini.

Siwema alikuwa anatwanga. Alimsikiliza kapteni mpaka mwisho, akainua mchi, akatwanga mara moja tena, kisha akauachia. Nilimkamata asianguke kinuni. Nililia, nasema wazi, nililia kwa sauti mpaka Sajini Kibwana akatoka nje asinione. Yeye Siwema hakulia siku hiyo. Alisema tu, "Anarudi. Anarudi na mimi sijapapata."

Nikamwambia usiwe na wasiwasi mdogo wangu, waziri si alisema? Jimbo la makazi ya mke. Na wewe unayo mawili. Nilisema kwa moyo safi kabisa. Nilichokuwa nahofia mimi ni kwamba watamgombea maiti.

Akaja Bwana Kisanga, safari hii na tai nyeusi. Alikataa chai kabisa.

"Pole sana, mama. Tumelipitia jalada lako upya, kwa uchungu mkubwa. Imeonekana hujawahi kuwa mkazi wa Neema."

"Uliandika mapenzi," Siwema akasema.

"Niliandika, na hapo ndipo tulipokosea. Wataalamu wameyachunguza mapenzi. Mapenzi ni amri, mama. Tena kali kuliko ya jeshi. Mtu anayependa hana hiari, anakwenda anakopelekwa. Kwa hiyo wewe nawe uliletwa hapa kwa amri, kama mumeo. Hukuwa mkazi hata siku moja. Na nyumba ya jeshi, kwa kuwa sasa haina mwanajeshi..." Akakohoa, akatazama viatu vyake.

Nakiri hayo ni maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kuyasikia kutoka ofisi ya kodi. Na nilitaka kumpiga na mwiko.

"Na kodi niliyolipa?" Siwema akauliza.

"Tunaipokea kama mchango wa mgeni. Neema inashukuru."

*

Basi tukapanda lori, Siwema, mimi, jeneza lenye bendera, imamu wa kikosi na askari wachache wenye majembe, tukaelekea Fanaka kwa Bi Nyamizi. Dereva alikuwa Koplo Uledi, rafiki wa Chande. Geti la Neema lilifunguliwa kwa haraka ya ajabu. Askari wa geti wakapiga saluti, tukapita, likafungwa nyuma yetu, nikasikia na komeo.

Mbele, kwenye geti la Fanaka, alisimama Bwana Matayo. Hakuwa anacheka.

"Poleni, wanangu. Poleni sana. Lakini hamwezi kuingia na marehemu."

Uledi akateremka. "Afande, mkewe ni mkazi wenu. Kinu chake kimepigwa lakiri na mkono wako."

"Nimekitazama tena kile kinu," Bwana Matayo akasema kwa sauti ya chini. "Ni cha mama yake. Binti hajakabidhiwa bado, na kinu kisichokabidhiwa ni cha mwenye nacho. Kwa hiyo hapa hana kinu, na asiye na kinu hana makazi. Lakiri nimeagiza itolewe. Huyu ni mtu wa Neema, mrudisheni Neema."

Uledi akageuza lori. Geti la Neema likatuambia kwamba jeneza limeshasainiwa kuwa limetoka, na kilichotoka hakiingii bila kibali cha kule kinakotoka sasa. Akageuza tena. Akaenda akarudi, akaenda akarudi, na jua la mchana linachoma bati la lori, na ndani yake kuna mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuwa na kwao. Mara ya mwisho Uledi akazima injini, akalaza kichwa kwenye usukani.

Mimi nikapandwa na wazimu. Nilishuka nikawatukana Kisanga na Matayo na makamishna na wazee wao waliowazaa, nikawatukana na wapima ardhi, Mungu awarehemu. Serikali sikuitukana. Nilitukana watu mmoja mmoja.

Siwema ndiye aliyetulia. Alishuka, akatembea kwenye zile nyasi, akatazama geti la huku na geti la kule. Akafika chini ya mkwaju mdogo uliojiotea, akasimama, akapiga ardhi kwa unyayo kama mtu anayepima pa kuweka jiko.

"Shusheni hapa," akasema.

"Shemeji," Uledi akasema, "hapa si pa mtu."

"Kwa hiyo hakuna wa kutufukuza."

Askari wakachimba. Imamu akaomba dua. Kawaida hapo ndipo ipigwapo tarumbeta, lakini kikosi chetu mpiga tarumbeta alikuwa mmoja tu, na ndiye tuliyekuwa tunamzika, basi tukasimama kimya kwa muda ambao tarumbeta ingechukua. Walinzi wa mageti yote mawili walivua kofia, kila mmoja akihakikisha hajaukanyaga uwanja.

Udongo ulipokwisha kurudishwa, Siwema akapiga magoti, akausawazisha kwa kiganja. Hapo ndipo alipolia. "Karibu nyumbani, Chande," akasema. "Si nilikwambia nitakuwa nimeshapapata?"

*

Hakuondoka tena. Uledi na wenzake walimjengea kibanda cha miti na turubai la jeshi lililohesabiwa kuwa limepotea. Malori yalalayo kati ya mageti yakingoja mihuri yalikuwa yana madereva wenye njaa, na Siwema alikuwa na mchi, nami nikampelekea kinu changu. Hakikukaa sana. Siku moja niko pale, nikaona mkokoteni unakuja kutoka upande wa Fanaka, na nyuma yake mama mfupi anausukuma huku anaugombeza.

Mlinzi wa geti akamzuia. "Bibi, unapeleka wapi hicho?"

"Kwa mwanangu," Bi Nyamizi akamjibu. "Nimesikia ametulia."

Kinu kilikuwa bado na alama nyekundu ya lakiri, ameikwangua kwa kisu cha kumenyea muhogo. Akakishusha mwenyewe, akakataa msaada, akakiweka mbele ya kibanda, hatua chache kutoka kaburini. Siwema akachukua mchi wake. Ule mlio wa kwanza, jamani, sitausahau. Nikapiga kigelegele palepale nilipokaa.

Kisamvu cha uwanjani kikapata jina kuliko cha kambini. Madereva walikuwa wanaomba mihuri icheleweshwe. Na kama ilivyo ada, harufu haina geti. Asubuhi moja nikawaona wote wawili kwa mpigo, Bwana Kisanga anatoka huku na Bwana Matayo anatoka kule, kila mmoja na kamba ya kupimia. Wakapima kutoka kwenye vigingi vyao, wakakutana mbele ya kinu.

"Mama," Bwana Kisanga akaanza kwa upole uleule, "kuna uwezekano mkubwa sana kwamba wewe ni mkazi wa Neema."

"Wa Fanaka," Bwana Matayo akasema. "Kinu si kimeshakabidhiwa? Mashahidi wapo."

Siwema hakuacha kutwanga. "Mimi makazi yangu ni pale alipolala mume wangu," akasema. "Anayenitaka anichukue na yeye. Kaburi la heshima, kiwanja na kifuta machozi. Si ndiyo sheria? Haya, nani anatangulia?"

Kuku wa Bi Nyamizi akapita katikati yao bila kulipa chochote.

Bwana Kisanga akakunja kamba yake. "Bwana Matayo," akasema, "karibu, tangulia."

"Hata, mkubwa wangu! Tangulia wewe."

"Siwezi. Mimi hapa ni mgeni tu."

"Mgeni ni mimi, bwana. Kwetu kule, nyuma ya geti."

"Mimi ndiye mgeni zaidi."

Wakaendelea hivyo, kila mmoja akirudi nyuma hatua kwa heshima, mpaka Siwema akachoka kuwatazama. "Kama wote ni wageni, basi kaeni," akawaambia. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wakakaa kwenye benchi la madereva. Akawapakulia. Wakala, wameligeuzia kaburi migongo, na sahani wakazifuta kwa ugali. Walipoinuka kila mmoja, kwa adabu tuliyozaliwa nayo, akang'ang'ania kumlipia mwenzake. Huyu akalipa ya wawili, yule akalipa ya wawili, hakuna aliyekubali kurudishiwa. Siwema akapokea pande zote mbili, kwa ushirikiano. Akazifunga kwenye pindo la kanga, akarudi kwenye kinu chake.